Rangi Niliyompa Mungu

Juzi nilikuwa harusini huko Matasia, na msichana mmoja wa familia ile akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Kabla sijaonja, harufu ya moshi ilinipanda puani, nikaweka kikombe chini. Mama niliyeketi naye meza moja alidhani ni madaha ya watu wa mjini. Ningemwelezaje? Harufu ile ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, kwangu mimi ni harufu ya kosa. Nilipokuwa na miaka tisa nilimharibia mama yangu mdogo wimbo, na nusura nimzime sauti kabisa, kwa neno moja tu lililoanzia mlangoni petu asubuhi moja nikipokea maziwa.

Kama nawe ulikulia Kitengela ya siku zetu, huna haja ya kuhadithiwa. Udongo mweusi ulishika viatu wakati wa mvua mpaka mtu akarefuka. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, chai ikawa na ladha ya dawa. Nyumbu walitoka mbugani wakapita nyuma ya ploti yetu ya nyumba za kupanga, nasi watoto wa shule tukasimama na mabegi yetu kuwangojea wamalize. Majirani walitoka kila pembe ya nchi, wamefuata viwanda vya Athi River. Sisi tulikuwa Wakamba wa Makueni: Baba, Mama, mimi Mumbua, na Ndinda, mdogo wake Mama, niliyemwita Anti.

Anti alikuwa fundi wa cherehani kiwandani, lakini usidhani alishona nguo. Alishona mikono ya mashati. Mikono tu, kutwa kucha, mwaka mzima, na mwingine mbele yake akaishikisha kwenye shati. Alikuwa akisema, "Mimi sijawahi kuona mwenye shati," kisha anacheka, na hata mimi mtoto nilijua kicheko kile hakikuwa cha furaha.

Alichokipenda ni kuimba. Aliimba akifua, akichambua maharagwe, akijipaka mafuta miguuni. Sauti yake ilianza chini, karibu na sauti ya mwanamume, halafu ikapanda bila kuonyesha ngazi. Kanisani alipewa solo kila Jumapili. Mwishowe waumini walimchangia akaenda kurekodi kanda katika studio moja mjini Nairobi, ghorofa ya nne, mahali ambapo, alivyotusimulia, ilibidi wasimamishe wimbo kila mara lori likipiga honi barabarani. Kwenye karatasi ya kanda alipigwa picha amesimama kando ya maua ambayo hayakuwa yetu. Nilijivuna mpaka shule nzima ikachoka nami.

Kanda ile ilipendwa kanisani kwetu, ikaishia hapo hapo. Mwenye studio akamwambia ukweli. "Sista, sauti uko nayo. Lakini nyimbo zako ni kama za kila mtu. Niletee moja ambayo watu wa huko kwenu Kajiado wataimba wenyewe, tufungue nayo volyumu ya pili. Hiyo ikishika, utaaga cherehani." Anti alirudi nyumbani macho yanawaka. Na kama kwamba mambo yalipangwa, wiki hiyo hiyo Pasta akatangaza kwamba kwaya imealikwa kwenye mkutano wa injili kule Mashuuru. Anti akaamua: wimbo utakuwa na kiitikio cha Kimaasai, na ataufungulia huko, mbele ya Wamaasai wenyewe.

Shida ilikuwa moja. Anti hakujua Kimaasai zaidi ya salamu na neno la asante, ashe oleng. Mwalimu tuliyekuwa naye karibu alikuwa Kokoo, na Kokoo alikuja asubuhi, wakati Anti yuko kazini, hivyo akanituma mimi nimuulize.

Kokoo maana yake nyanya, na sote katika ploti tulimwita hivyo. Alikuwa bibi mrefu, kichwa amekinyoa, masikio yamening'inia shanga. Wapangaji wengine aliwapimia maziwa kutoka kwenye mtungi wa plastiki, lakini yetu yalitoka kwenye kibuyu kwa sababu alimpenda Mama. Alinitania kwamba mimi si mtoto, mimi ni maswali yaliyovaa sare ya shule.

"Kokoo, takwenya," nikamsalimu asubuhi ile.

"Iko," akaitikia. "Leta sufuria."

"Anti anauliza, nyinyi mkiimbia Mungu, mnamwita aje?"

"Enkai."

"Enkai peke yake? Anataka ile ya heshima, ya kuweka kwa wimbo."

Kokoo aliacha kumimina. Akatazama juu, mbinguni kukiwa kweupe pe, akawaza kidogo. "Enkai Narok. Weka hiyo. Hiyo ndiyo nzuri."

"Narok ni nini?"

Akagusa masizi ya sufuria yetu kwa kidole, akanionyesha. "Hii. Nyeusi."

Wenzangu, nilishtuka. Mungu mweusi! Lazima muelewe kwamba nilikuwa mwanafunzi bora wa shule ya Jumapili, na silaha yetu kuu huko ilikuwa kitabu cha rangi, kile kisicho na maandishi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweusi: huo ni moyo wenye dhambi. Wa pili mwekundu: hiyo ni damu ya Yesu. Wa tatu mweupe: moyo uliosafishwa. Nilikuwa nimekariri mpaka nikapewa penseli yenye kifutio. Nilimtazama Kokoo na shanga zake, nikamhurumia kwa dhati. Bibi mzima, na hakuna aliyewahi kumwambia Mungu ni rangi gani.

Kwa hiyo nikamrekebishia. Shuleni nilimuuliza Nashipae, tuliyekaa deski moja, "Nyekundu mnaitaje?" Hakunyanyua hata kichwa kwenye hesabu zake. "Kama ni ng'ombe, nanyokie." Nikalipanga neno langu vizuri mdomoni njia nzima. Jioni Anti aliporudi, kabla hajavua viatu, nikampa: Enkai Nanyokie. Mungu Mwekundu.

"Nani amekuambia?"

"Kokoo," nikasema, uso mkavu kabisa.

Anti alikaa kitandani akashika kifua. "Mwekundu! Wa damu! Mumbua, hawa watu walikuwa wanajua tangu zamani!" Akanikumbatia na vumbi lake lote la kiwandani. Sikuona kama nimesema uongo. Niliona kama nimewasaidia watu watatu kwa pamoja: Anti, Kokoo, na Mungu mwenyewe.

Wimbo ukatungwa. Ulikuwa mtamu, siwezi kumnyima haki yake. Beti zilikuwa za Kiswahili, kisha kiitikio: Enkai Nanyokie, ashe oleng. Mungu Mwekundu, asante sana. Kwaya ilikuwa ya Wakamba, Wakikuyu na Waluhya wa viwandani, na hakuna hata mmoja aliyejua zaidi yetu. Kokoo angetusahihisha siku ya kwanza tu, lakini Kokoo alikuwa ameacha kuja. Mvua ilikuwa imekataa. Kwanza maziwa yalipungua, kisha akaja na mikono mitupu kutueleza kwamba vijana wamehama na ng'ombe, kisha hakuja tena. Kwetu sisi ukame ulikuwa vumbi kwenye nguo zilizoanikwa na maziwa ya pakiti kwenye chai. Sikuwahi kufikiria kwamba ulikuwa kitu kingine kwa mtu mwingine.

Siku ya Mashuuru tulipanda pickup ya kanisa, tukapita Isinya, tukapita Kajiado, lami ikaisha. Kando ya barabara kulikuwa na mizoga ya ng'ombe, ngozi imebaki imewambwa juu ya mbavu. Wanakwaya waliziba pua, wakaendelea na mazoezi.

Anti alivaa gauni la manjano alilojishonea mwenyewe, lote, mikono na mwili. Uwanja ulijaa. Wanawake walikaa mbele chini, shanga zao zikigongana kila wakijisogeza, na wazee nyuma juu ya vigoda vyao. Nyimbo mbili za kwanza za Kiswahili ziliwainua. Akina mama walirusha mabega kwa namna yao, Anti akacheka ndani ya maikrofoni, nami chini ya spika nikawa naota jinsi nitakavyowaambia watu kwamba neno ni langu.

"Sasa," Anti akasema, "hii nimewaletea kwa lugha yenu."

Walipiga makofi. Akaimba ubeti. Akafika kwenye kiitikio, na makofi yakafa. Hayakupungua, yalikufa. Anti alidhani hawakusikia vizuri, maskini, akamwashiria mpiga kinanda aongeze sauti, akarudia kwa nguvu zake zote: Enkai Nanyokie, ashe oleng! Mzee mmoja aliinuka, akachukua kigoda chake, akaenda zake. Mwingine akamfuata. Akina mama wakavuta watoto wao karibu. Halafu mama mmoja mwembamba, mwenye fimbo mkononi, akasimama akaja mpaka mbele ya Anti, kinanda kikanyamaza chenyewe.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "wewe unasema asante kwa nani?"

"Kwa Mungu," Anti akajibu.

"Nanyokie ni yule wa hasira. Huyo ndiye amemaliza ng'ombe zetu. Kwangu imebaki ndama moja, haiwezi kusimama. Na wewe umetoka Kitengela na spika kumwambia asante?"

Niliona mkono wa Anti ukishuka na maikrofoni. Uwanja uliondoka kimya kimya, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangetuzomea. Njiani Pasta alimwambia kwa upole, "Sista, kwanza pumzika na mambo ya solo." Anti alikuwa ametazama vumbi nyuma ya gari. Tulipofika Isinya ndipo alipozungumza, akaniambia mimi. "Yule bibi alinicheka. Nilimheshimu kama mama yangu, na alikuwa ananicheka tu."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, bega kwa bega. Nilijitia usingizi.

Anti aliacha kuimba. Sisemi aliacha kuimba kanisani, aliacha kuimba. Jumamosi alifua, nami kwa mara ya kwanza maishani nikasikia sauti ya brashi juu ya kitambaa. Kumbe siku zote ilikuwepo. Mwenye studio alituma ujumbe mara mbili, hakujibiwa. Mama alimsihi, Anti akajibu, "Acha tu, mimi ni wa mikono ya mashati." Nilikonda. Mama alinipa dawa ya minyoo.

Kisha asubuhi moja, Anti akiwa nyumbani kwa sababu kiwanda kilikuwa kimefungwa siku hiyo, Kokoo akatokea mlangoni. Alikuwa amezeeka. Kibuyu kilikuwa na maziwa ya kujaza kikombe kimoja, ya mbuzi, na alikuwa ametembea nayo mpaka kwetu. Anti hakumsalimu.

"Kokoo, kwa nini ulinidanganya? Nilikukosea nini?"

"Nilikudanganya aje?"

"Si ulituma mtoto aniambie Enkai Nanyokie?"

Kokoo aliweka kibuyu chini polepole. Hakumtazama Anti, alinitazama mimi. "Mimi nilisema Narok," akasema. Basi, na akangoja.

Nililia kabla sijafungua mdomo. Nikatoa yote: penseli, kitabu, Nashipae, yote. "Nyeusi ni ya dhambi, Anti. Iko kwa kitabu. Niliona Kokoo amekosea."

Anti aliketi pale pale mlangoni. Kokoo aliomba aelezwe kile kitabu ni cha nini, akaelezwa, akafikiri, kisha akaniita kwa kidole.

"Toto. Wingu ikikuja nyeusi kabisa, mama yako anafanya nini? Analia?"

"Hapana. Anatoa ndoo nje."

"Haya," akasema Kokoo. "Huyo ndiye Narok." Akaanza kucheka, akacheka mpaka shanga zikatikisika na machozi yakamtoka, akinielekeza kidole na kusema kitu kwa Kimaasai ambacho mpaka leo nashukuru hakikutafsiriwa.

Anti hakucheka. Wala hakunipiga, ingawa ningependelea. "Kokoo, nisamehe," akasema. "Lakini imepita. Mimi siimbi tena."

"Haipiti yenyewe." Kokoo alikuwa ameacha kucheka. "Hiyo neno bado imesimama kule Mashuuru. Lazima mtu aende aitoe. Na si wewe." Akanitazama tena. "Kwetu mtu akikosea watu anakuja ameshika nyasi mkononi, ya kijani. Wakiona nyasi, watasikia kwanza. Watakataa baadaye."

Nyasi ya kijani, mwaka ule! Tulizunguka. Nyika yote ilikuwa rangi ya gunia. Mwishowe nililikumbuka bomba linalovuja nyuma ya bafu la ploti, mahali tulipokatazwa kucheza kwa sababu ya matope ya sabuni. Palikuwa na kipande cha nyasi si kikubwa kuliko mkeka. Niliikata kwa kisu cha jikoni, nikaifunga kwenye gunia lililoloweshwa, na siku ya soko tukaenda watatu: Kokoo, Anti na mimi. Bila Pasta, bila spika.

Soko lilikuwa na watu wengi kuliko mifugo. Kokoo aliuliza huku na huku mpaka tukampata yule mama mwenye fimbo, amekaa na wenzake kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Alimtambua Anti na uso ukakunjamana. Kokoo akanisukuma mbele. Nilifungua gunia, nikashika nyasi kwa mikono miwili, nikasema kwa Kiswahili cha darasani, "Ni mimi niliyebadilisha. Kokoo alisema Narok. Mimi nikaweka Nanyokie kwa sababu nilisoma kwamba nyeusi ni mbaya. Anti hakujua. Tafadhali msimkasirikie."

Walitazama nyasi. Nafikiri kwa dakika nzima hawakunitazama mimi hata kidogo. Kisha yule mama akanyoosha mkono, lakini hakuchukua nyasi. Alinishika kifundo cha mkono, akaugeuza juani.

"Na hii mkono yako," akauliza, "iko rangi gani?"

Nikautazama. Nilikuwa nimekariri kurasa zote za kile kitabu na sikuwahi hata siku moja kuutazama mkono uliokishika. "Nyeusi," nikasema.

"Ni mbaya?"

"Hapana."

"Sawa." Ndipo akachukua nyasi. Aliinusa kwanza, akafumba macho, kisha akaigawa, kila mama akapata vipande vichache, na hakuna aliyecheka.

Mkinikuta leo mtauliza mwisho wa Anti Ndinda, nami nawaambia kabisa kwamba hakuwa nyota wa nchi nzima. Alirekodi volyumu ya pili, na ya tatu, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi wala mkutano kati ya Kitengela na Namanga ambapo wimbo ule, sasa ukiwa na Narok, haukupigwa. Kiwanda alikiaga, kama alivyoahidiwa. Mimi nilichelewa kujisamehe, yeye alinisamehe tukiwa bado njiani kurudi. Na kitabu cha rangi, nilipokuja kufundisha watoto wangu mwenyewe, nilikianzia ukurasa wa pili.

Ila hayo ni ya baadaye. Siku ile ya soko hakuna aliyejua lolote. Mvua haikunyesha, wala wiki ile. Yule mama alifunga nyasi zake kwenye pindo la shuka na kumwambia Anti, "Imba sasa."

Anti alifungua mdomo. Sauti haikuja. Alijaribu tena, akatoa kitu kidogo chenye kukwaruza, akafunika uso kwa viganja. Nikadhani tumekwisha. Lakini mama mmoja wa nyuma akaanza, chini chini, bila hata kusimama: Enkai Narok. Wengine wakaingia. Ulikuwa wimbo wao, si wetu, wa tangu kabla ya sisi, na kila ulipofika mwisho wa mstari uliacha nafasi ya mtu kuitikia. Mara mbili nafasi ile ilipita tupu. Mara ya tatu Anti aliondoa mikono usoni na kuitikia: ashe oleng. Sauti ilianzia kule chini ninakokujua, karibu na sauti ya mwanamume. Akaitikia tena, ikapanda. Watu wakaacha mbuzi zao wakasogea. Kokoo alirusha mabega, mzee vile alivyokuwa.

Walipomaliza, Anti alikuwa ametota jasho, analia na kucheka pamoja. Yule mama mwenye fimbo alimsogelea.

"Sauti uko nayo," akasema. "Lakini unakimbia. Rudi siku ya soko, kuna mistari zingine hatujakufunza."